Wasomaji wauliza: Kebo ikatike Afrika Kusini, saiba ilale Mwembe Tayari?

Salamu kwenu nyote wasomaji. Mwezi huu maswali yamekua mengi kuliko nafasi, nimechukua matano nikayafupisha kidogo, na niliyoyaacha mengi yalikua ya namna hiyo hiyo, kwahivo huenda jibu lako limo ndani ya jibu la mwenzako.

SWALI: Nina saiba ndogo hapa Mwembe Tayari, mashine sita, nachapia watu CV, nawajazia fomu za serikali za eCitizen na za kodi za KRA, na vijana wanaotafuta kazi za Gulf wote wanakuja kwangu. Ile Mei 2024 intaneti ilikufa siku kadhaa, mara inakuja mara inaenda, wateja wakanikimbia na mwenye chumba hangoji. Nikauliza kampuni inayoniletea faiba nikaambiwa kebo imekatika Afrika Kusini. Juzi tena ilikua inasuasua nikakumbuka machungu. Sasa mie nauliza, si tunaambiwa kebo zinaingilia hapa hapa Mombasa? Mbona sisi wenye bahari ndo tulale? (Msomaji, Mwembe Tayari)

JIBU: Kaka, uliloambiwa ni kweli ila hukuelezwa lote, na wewe ni mfanyabiashara ulistahili kuelezwa lote.

Mombasa ndo mlango, hilo halina ubishi. Kabla ya 2009 nchi hii yote ilikua inategemea setilaiti, ghali na polepole, mie nakumbuka tulikua tunafungua ukurasa mmoja wenye picha mtu anashuka kununua kahawa na kashata akirudi picha imefika nusu. 2009 ndo ikaja kebo ya chini ya bahari inaitwa TEAMS, inatoka hapa mpaka Fujairah kule Imarati, mwaka huo huo SEACOM ikawashwa, 2010 EASSy, alafu zikafuata nyengine kama DARE1, PEACE na 2Africa. Kebo yenyewe huko kwenye kina kirefu haizidi mpira wa kumwagilia bustani kwa unene, ndani kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga unaopita humo ndo barua pepe yako, ndo fomu ya yule kijana wa Qatar, ndo kila kitu.

Lakini kebo kuingia hapa si kwamba intaneti inakaa hapa. Vitu vingi unavyofungua vimehifadhiwa kwenye makompyuta ya Ulaya na Marekani, kebo ni barabara ya kufikia huko. Sasa chukulia kisiwa chetu hichi. Ukitaka kutoka una daraja la Nyali, una Makupa, una ferry ya Likoni. Siku moja Nyali imefungwa utalalamika lakini utazunguka utafika. Nyali imefungwa na ferry imeharibika siku hiyo hiyo, sote tunaelekea Makupa, na hapo hata mwenye gari zuri atasimama pale pale na mkokoteni.

Hivo ndo ilivokua 2024. Februari 18 meli inaitwa Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, karibu na mlango wa Bahari ya Shamu, wenyewe wakaiacha, ikawa inaelea siku nyingi huku nanga inaburuta chini, mpaka ikazama Machi 2. Katika siku hizo kebo tatu zikakatika eneo hilo, SEACOM, AAE-1 na EIG, na wengi waliofuatilia wanaamini ni nanga ile. Huko ni kwenye vita, meli ya kurekebisha haiwezi kwenda ikashusha ndoano tu hivi hivi, kuna vibali kuna bima kuna makombora, kazi ikakaa miezi. Kwahivo njia ya kaskazini ilikua tayari imejeruhiwa. Alafu Jumapili ya Mei 12, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini, karibu na Mtunzini, kaskazini mwa Durban. Ndo Likoni yetu hiyo. Zikabaki zile nyengine kama TEAMS kubeba mzigo ambao hazikupangiwa, na wewe na mashine zako sita ukawa kwenye foleni ya Makupa pamoja na Afrika Mashariki nzima.

Na kurekebisha si kazi ya nusu saa. Meli maalum lazima iende mpaka mahali penyewe, mfano Léon Thévenin ambayo kituo chake ni Cape Town, ivue ile kebo kutoka chini kama mtu anavua samaki, ncha moja alafu ya pili, mafundi waunganishe nyuzi moja moja ndani ya chumba kisafi huku meli inayumba, wapime, ndo wairudishe chini. Meli za namna hii si nyingi, bahari ikichafuka wanangoja. Na tusidhani ni mambo ya mbali tu, Februari 2012 kuna meli ilikua inasubiri kuingia bandarini hapa hapa kwetu ikatia nanga mahali palipokatazwa ikaikata TEAMS, tena mbele ya macho yetu.

Sasa wewe ufanye nini. Kwanza hiyo kampuni yako usiiulize kasi peke yake, iulize trafiki yenu inapita kebo gani, ngapi, na moja ikikatika mna nafasi iliyolipiwa kwenye nyengine au mtakua mnaomba. Wakijibu kwa kuzunguka zunguka nshakwambia, hawana. Watu wengi wananunua laini mbili za kampuni mbili wakadhani wamejikinga na kumbe zote mbili zimepanda kebo moja, wamelipia jina mara mbili. Pili weka modemu ya akiba na bando dogo, na siku intaneti nzuri pakua fomu zote unazotumia, violezo vya CV, barua za maombi, ziwe ndani ya mashine, ili mtu akija siku mbaya umchapie na umhifadhie, kutuma mtatuma usiku kukitulia. Mteja anachochukia zaidi ni kufukuzwa mlangoni, akiona kazi yake imeanza atarudi.

Najua utaniuliza Starlink, ile intaneti ya setilaiti. Ipo Kenya tangu Julai 2023, haipiti kwenye kebo hizi kufika dukani kwako na ukiwa na uwezo ni njia nzuri ya pili, ndo Dongo Kundu yetu, ile barabara isiyopita kisiwani. Lakini usiifanye ya pekee, Julai 24, 2025 ilizimika dunia nzima kwa muda wa kama saa mbili na nusu. Kila njia ina siku yake.

La mwisho ni hili na linaniuma. Seva za M-Pesa zilikua Ujerumani mpaka 2015 ndo zikaletwa Kenya, yani kwa miaka mtu wa Kongowea alikua anamtumia mwenzake wa Changamwe shilingi mia na hesabu inafanywa Ulaya. Kilichowekwa nyumbani hakihitaji kuvuka bahari. Biashara zetu ngapi sahii, hata tovuti za hapa hapa Mombasa za kuuza samaki kwa watu wa hapa hapa, zimewekwa ng'ambo kwasababu ilikua nafuu dola mbili? Mwenye tovuti aliulizie hilo kwa aliyemtengenezea.

SWALI: Nafanya boda steji ya Bombolulu. Wamekuja kutushawishi tuchukue pikipiki za umeme, eti utasahau petroli. Nichukue? (Msomaji, Bombolulu)

JIBU: Mpango wenyewe wa kitaifa wa pikipiki za umeme Rais Ruto aliuzindulia hapa hapa Mombasa, Septemba 2023, kwahivo sisi tuko mstari wa mbele na mie naziona na nazipenda, hazina moshi hazina kelele. Ila angalia unachonunua. Kwenye mpango wa kubadilisha betri pikipiki inakua yako lakini betri inabaki ya kampuni, na pikipiki bila betri ni chuma. Uliza vituo vya kubadilishia viko wapi kutoka hapo mpaka Mtwapa na usiku vinafungwa saa ngapi, uliza ukichelewa malipo wanaweza kukuzimia kutoka ofisini, maana ziko zinazoweza, na uliza kampuni ikifunga biashara betri utatoa wapi. Yote hayo uyaone yameandikwa kwenye mkataba. Alafu kwa wiki mbili andika kwenye daftari kila shilingi ya petroli, oili, plagi na fundi, ndo uweke pembeni ya bei yao ya kubadilisha betri. Daftari lako litakujibu vizuri kuliko mie.

SWALI: Mie ni mama mtu mzima, naishi Kisauni. Mwanangu yuko Doha. Mwezi uliopita niliingiwa na meseji ya sauti WhatsApp kwa namba nsioijua, sauti ni ya mwanangu kabisa, hata vile anavyovuta "mamangu", anasema simu yake imeanguka kwenye maji anatumia ya mwenzake, ana shida ya karatasi, nitume elfu kumi na tano haraka kwa rafiki yake aliye Nairobi. Nikaenda nikakopa kwenye chama nikatuma. Jioni mwanangu akapiga kwa namba yake ya kawaida, hajui lolote. Watu wa nyumbani wananicheka wanasema uzee. Lakini wallahi ile sauti ni yake, mie ndo nimemzaa. Nilifanyiwa nini? (Mama, Kisauni)

JIBU: Mamangu, pole sana, na hao wanaokucheka waambie nimesema waache leo hii hii. Masikio yako hayakukosea. Sauti ilikua ya mwanao, ila maneno hakuyasema yeye.

Siku hizi kuna programu za akili unde, unaipa kipande cha sauti ya mtu inajifunza anavyotamka, anavyovuta pumzi, alafu unaiandikia maneno unayotaka na inayasoma kwa sauti ile. Januari 2023 Microsoft walionyesha programu yao ya VALL-E ambayo iliiga sauti kwa kusikia sekunde tatu tu. Sekunde tatu mama, ni "hallo, niko njiani nakuja" na kwisha. Na sauti za watoto wetu ziko kila mahali, TikTok, status, yale magrupu ya harusi yenye watu mia mbili ambayo nusu yao hatuwajui. Jina lako na kwamba ana mama Kisauni na yuko Doha vyote vinapatikana Facebook kwa anayetafuta.

Na si wazee peke yao wanaokamatwa. Mwanzoni mwa 2024 huko Hong Kong mfanyakazi wa kampuni kubwa ya uhandisi ya Uingereza, Arup, aliitwa kwenye mkutano wa video, akawaona wakubwa zake wa kazi wanaongea, akahamisha pesa kama walivomwambia, zikafika dola milioni 200 za Hong Kong. Wote aliowaona kwenye skrini walikua wa kutengenezwa. Yule yuko ofisini kwa kampuni kubwa, na alituma. Wewe ulimtumia mwanao aliye shidani na hilo si uzee, huo ni umama na ndo walichokilenga.

Pesa yenyewe sitakudanganya, mwezi ukishapita ni ngumu. Ila nenda polisi uandikishe upewe namba ya OB, yani ya kile kitabu cha matukio cha polisi, uhifadhi ile meseji ya sauti na ile ya muamala usifute, maana anayeiba kwako hakuibia wewe peke yako na malalamiko yakiwa mengi kwa namba moja ndo watu wanafuatiliwa. Namba ya utapeli kama ni ya Safaricom iripoti kwa kuituma 333. Na siku nyengine, yeyote wa nyumbani akishatuma tu akashtuka, ile meseji ya M-Pesa aipeleke 456 papo hapo bila kungoja kesho, mpokeaji akiwa hajatoa kuna matumaini.

Kinga iko rahisi mno na haina haja ya kununua kitu. Ikija sauti ya dharura kwa namba ngeni usijibu kwa namba ile, piga namba ya mwanao unayoijua, asipopatikana piga ya mkewe au ya anayekaa naye. Alafu keti na wanao wote, siku wako kwenye simu, mchague neno moja la nyumbani. Lisiwe jina la mtu wala tarehe ya kuzaliwa, liwe kitu kama jina la yule paka wenu wa zamani au kile chakula marehemu babu alikua hali. Anayeomba pesa aliseme. Asipolisema hata akilia machozi hapewi. Na kabla ya kutia namba ya siri soma lile jina linalotokea, ukiuliza "huyu ni nani" na hakuna wa kukujibu, basi usitie.

Na ile elfu kumi na tano ya chama, mwambie mwanao. Usiibebe peke yako kwa aibu, yeye ndo sauti yake imeibiwa, ana haki ya kujua na ana bega la kusaidia.

SWALI: 2023 nilikua Nairobi kwa mjomba, nikapanga foleni nikapigwa picha ya macho na lile dude la mviringo la Worldcoin, wale watu wa sarafu ya mtandaoni, nikapata kama elfu saba. Macho yangu yako wapi sasa? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Serikali ilisimamisha zoezi lile Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data zile za macho na nyuso za Wakenya zifutwe ndani ya siku 7 chini ya uangalizi wa Kamishna wa Data. Mahakama iliona hakukufanywa tathmini ya madhara kama sheria ya kulinda data ya 2019 inavyotaka, na kwamba kumshikisha mtu pesa ndo akubali si ridhaa kamili. Wewe binafsi una haki ya kuandikia kampuni kuuliza kama data zako zimefutwa, na wasipokujibu unapeleka malalamiko ofisi ya Kamishna, huhitaji wakili. Mie hili nalichukulia kwa uzito mkubwa, maana neno la siri likiibiwa utabadilisha, jicho utabadilisha na nini? Walikuja wakati unga umepanda, wakajua tutapanga foleni.

SWALI: Natengeneza kadi za harusi, mabango na vibandiko hapa Bondeni, miaka saba sasa. Siku hizi mteja anakuja na picha ametengenezewa na AI kwa simu yake ananiambia "we nisahihishie tu hapa, ntakupa mia mbili". Kazi ya elfu mbili imekua mia mbili. Nifunge? (Msomaji, Bondeni)

JIBU: Usifunge, lakini nami sitakuambia mambo ni shwari. Tangu ChatGPT, ile programu ya akili unde (AI), itoke Novemba 2022 kazi za namna yako zimeingiliwa kweli, na ile picha ya chapchapu ya duka ya kuweka status haitarudi kwako. Iache iende.

Nilipolisoma swali lako niliijaribu hiyo AI mwenyewe. Nikaiandikia inichoree bibi harusi wa Mombasa siku ya kupamba. Ikaniletea dada mzuri, amevaa kama sinema za Bombay, hina imechorwa mpaka begani. Nikasema mvike leso za kisutu, ikampa kitambaa chekundu cha maua tu. Nikasema mtie kikuba, kile kishada cha asumini, ikamuekea waridi. Asumini haikuiona kabisa. Nikasema niandikie chini jina la leso, maneno yakaja yamegongana, herufi zimezidi. Itajifunza, najua, inajifunza kila mwezi. Lakini inajifunza kwa picha za watu kama wewe bila kuwauliza, na tusisahau vijana wa Nairobi waliosafisha ile ChatGPT, wakisoma uchafu wa kila aina ili mashine ijue kipi ni kibaya, gazeti la TIME liliandika Januari 2023 kwamba walikua wakipata chini ya dola mbili kwa saa. Kwahivo mteja akikuambia kitu hichi ni cha bure, si cha bure, kuna waliokilipia.

Wewe unauza nini ambacho simu ya mteja haina? Picha yake ile ya simu akiipeleka kwenye bango la mita mbili inatoka visanduku visanduku, wewe unajua kuitayarisha. Tarehe ya Kiislamu na ya kawaida zisipolingana kwenye kadi ya nikaha ni wewe utakaeona. Jina la ukoo likikosewa herufi moja familia mbili zinanuna, na mashine haiji kuomba msamaha. Hiyo ndo kazi, ipe jina na bei yake. Andika ukutani, kuchora upya bei hii, kutayarisha picha ya mteja kwa uchapaji bei hii, kukagua maneno na tarehe bei hii, na anaekubali kukagua na kuweka sahihi ndo anapewa dhamana ya kuchapiwa tena bure tukikosea sisi. Mia mbili isiwepo kwenye orodha.

Na hiyo AI itumie wewe mwenyewe kwa rasimu, mteja akae mbele yako achague rangi ndani ya dakika kumi badala ya siku tatu za kutumiana picha. Alafu wale wateja wa miaka saba, namba zao ziko wapi? Kama ziko kwenye Instagram peke yake na siku moja akaunti ikafungwa umewapoteza wote. Ziandike kwenye daftari, jina na mwaka aliooa. Aliooa 2019 sahii ana mtoto wa kwenda madrasa, ana hafla ya khitma inakuja, mpigie wewe kabla hajafungua simu yake kujichorea. Anza na kumi wiki hii uniandikie wangapi wamekuja.